Tundu Lisilo na Mwenyewe

Ghorofa likishapakwa rangi, ndipo kulitoboa kunapoanza. Fundi bomba anatafuta njia ya kushushia maji taka ya bafu ambalo halikuwemo kwenye ramani. Fundi wa viyoyozi anataka tundu la kupitishia mabomba yake. Mpangaji wa chini, mwenye duka la dawa, anataka ukuta wa kati uondoke ili vyumba viwili viwe kimoja. Mwenye lodge ameona ngazi inamla nafasi ya mapokezi, anataka ihamie nyuma. Kisha anakuja fundi wa reli za balkoni, fundi wa bango, fundi wa tangi la juu, kila mmoja na drili yake. Baada ya miaka michache zege lile limepitiwa na mikono mingi kuliko ile iliyolimwaga, na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha nani alitoboa wapi.

Kukata zege, kulitoboa na kufunga vitu vizito ndani yake kwa bolti ni ufundi unaojitegemea, wenye zana zake, hesabu zake na, kwa bahati mbaya, vifo vyake. Kwetu umegawanywa vipande miongoni mwa mafundi ambao kazi yao halisi ni nyingine: bomba, umeme, aluminiamu, matangazo. Ukiuliza Mwanza kwa nini kazi hii hufanywa hovyo, jibu la haraka ni kwamba mashine hazipo au ni ghali. Mimi naona mashine ni sehemu ndogo ya jambo. Zinakuja, zinakodishwa kwa siku, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo zinavyozidi kupatikana. Tunachokosa ni mtu wa kusema: tundu hili ni langu, nililitazama kabla halijatobolewa, na likileta madhara nitafuteni mimi.

Ilemela ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili kwa kuwa mji unapanda juu mbele ya macho yetu. Manispaa yenyewe ilizaliwa mwaka 2012, Jiji la Mwanza lilipogawanywa na Nyamagana kubaki na katikati ya mji. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 343,001. Ya mwaka 2022 ikahesabu 509,687. Uwanja wa ndege uko upande huu, uwanja wa mpira wa CCM Kirumba uko upande huu, na Rock City Mall, na mwalo wa Kirumba na soko lake la samaki na dagaa, na stendi ya Nyamhongolo, na viwanda vya Nyakato. Makao makuu ya manispaa yako Buswelu. Mji ukipanda, hesabu inabadilika. Nyumba ya matofali isiyo na ghorofa inasamehe mengi. Ukiitoboa vibaya unaziba kwa simenti, maisha yanaendelea. Jengo la nguzo na boriti halina huruma hiyo. Uzito wake wote unapita katika njia chache, na aliyelichora anajua njia hizo, ila mwenye drili hazijui.

Sababu ya pili ya kuichagua Ilemela iko chini ya miguu. Mwanza imekaa juu ya graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, sehemu ya kitovu kikongwe cha ardhi ya Tanzania. Majabali yanayopendwa na wapiga picha ndiyo hayohayo yanayochomwa moto, kupasuliwa kwa nyundo na kuuzwa kwa ndoo kando ya barabara. Kokoto ya Mwanza ni graniti, na ndani ya graniti kuna kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs. Chokaa ya matumbawe ya pwani ina ugumu wa 3 hivi. Kwa anayemwaga zege, tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Kwa anayelikata, ndiyo faida au hasara ya siku.

Tunasema msumeno wa almasi hukata zege. Kwa hakika unasaga. Ukingo wa sahani, au mdomo wa bomba la kutobolea, una vipande vilivyotengenezwa kwa unga wa chuma uliochanganywa na chembe za almasi. Chembe zilizojitokeza nje hukwangua jiwe hadi zinapokuwa butu au kung'oka. Hapo chuma kilichozishika lazima nacho kilike, ili chembe mpya zijitokeze. Ikiwa jiwe ni gumu sana, vumbi lake huwa laini mno, halikwangui chuma hicho kiasi cha kutosha. Almasi zinaisha makali huku mpya zikiwa bado zimefunikwa, na sahani inang'aa kama kioo bila kukata chochote. Ndiyo maana zege la kokoto ngumu huhitaji sahani yenye chuma laini, na zege la kokoto laini lenye mchanga mkali huhitaji sahani yenye chuma kigumu. Inaonekana kinyume, na wengi hununua kinyume. Fundi aliyekuja Mwanza na sahani iliyomfaa Zanzibar atalilaumu duka, ataulaumu umeme, atasukuma kwa nguvu zaidi, na mota itaungua. Dawa ya muda ni kuipitisha sahani kwenye tofali la mchanga mkali hadi almasi zionekane tena. Dawa ya kudumu ni kujua kokoto uliyonayo ilitoka mwamba gani.

Kwa ajili ya kumbukumbu tu: Mwadui, mgodi wa almasi ambao mwanajiolojia wa Kanada John Williamson aliugundua mwaka 1940, uko Shinyanga, mkoa jirani. Lakini almasi zilizo kwenye sahani hizi leo karibu zote ni za kiwandani, teknolojia iliyotangazwa na kampuni ya Marekani ya General Electric mwaka 1955. Msukuma anayekata zege Pasiansi anatumia almasi iliyosafiri kutoka ng'ambo huku jirani zake wakichimba za kuvishwa vidole vya watu wengine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Tindo na nyundo, zana tunazoziona za kishamba, zina hekima moja ambayo mashine haina. Fundi anayechonga zege kwa tindo akigonga nondo anajua. Mlio unabadilika, mkono unauma, cheche inaruka. Anasimama, anatazama, na akiwa na busara anampigia simu aliyemtuma. Kazi yake ni chafu, inachukua siku nzima, na mapigo yenyewe huacha nyufa ndogo ndogo kwenye zege linalobaki, kiasi kwamba zege jipya likishikizwa hapo halishiki vizuri. Lakini nondo haikatwi kwa bahati mbaya. Bomba la almasi lenye maji linapita kwenye kokoto na kwenye nondo kwa sauti karibu ileile. Mzoefu anaona dalili: mashine inapunguza mwendo, maji ya tope yanabadilika rangi na kutoka na chembe za chuma zinazometa. Asiye mzoefu anasukuma. Dakika kumi baadaye ana tundu safi lililonyooka, na kipande cha zege cha kupendeza mkononi chenye doa la chuma ubavuni. Watu wanakipiga picha.

Kwa hiyo mashine ikifika kabla ya ujuzi wa kutazama ndani ya zege, hatari inaongezeka. Nchi zilizozoea kazi hii haziwashi mashine kabla ya kupima. Kipo kifaa cha mkononi cha kutafuta nondo kwa sumaku ya umeme, kinachosoma mahali ilipo na kina chake. Ipo rada inayopenya zege, ambayo huonyesha pia mabomba na tabaka la pili la nondo. Vyote viwili vinauzwa, na gharama ya kukodi kimoja kwa siku ni ndogo kuliko kukarabati boriti. Tena kabla ya vyote kuna mchoro. Jengo lenye kibali lina michoro ya mhandisi, na nakala iko kwenye faili la halmashauri. Aliyelinunua jengo kutoka kwa aliyelijenga, mara nyingi hajawahi kuiona.

Tutazame nondo zinakaa wapi, maana hapa ndipo mambo yanapoharibikia. Kwenye slabu iliyolala juu ya boriti mbili, uzito unaivuta sehemu ya chini katikati, kwa hiyo nondo kuu ziko chini. Karibu na boriti mambo yanageuka na nondo muhimu ziko juu. Kwenye balkoni iliyochomoza nje bila nguzo, nondo zote za maana ziko juu, kwa sababu kipande kile chote kinataka kuanguka mbele na ni hizo tu zinazokishikilia. Fundi wa reli hajui hilo. Anafika na drili yake, anatoboa kutoka juu, karibu kabisa na ukingo kwa kuwa mteja hataki kupoteza nafasi, matundu manne kwa kila mguu wa reli. Akigonga nondo anahama kidogo na kutoboa tena, au anabadilisha keekee apite nayo. Hoteli zinazotazama ziwa zinapenda balkoni ndefu, na mandhari huvuta watu wengi wasimame ukingoni kwa wakati mmoja, hasa jua linapozama.

Boriti nayo ina mahali pake pa siri. Bafu huwekwa pembeni, nguzo nayo iko pembeni, na bomba la maji taka linataka kuteremka karibu na nguzo lisionekane. Hapo ndipo boriti inapobeba nguvu kubwa ya kukatika kimshazari, na ndiyo sababu pete za nondo zimebanana zaidi mahali hapo. Tundu la inchi nne likipita katikati ya kina cha boriti, mbali na nguzo, mhandisi anaweza kulikubali kwa masharti. Tundu lilelile likisogezwa hadi shingoni mwa nguzo linakata pete mbili au tatu, na boriti haitalalamika siku hiyo. Italalamika siku tangi la juu litakapojazwa, au miaka mingine mitano baadaye.

Nguzo ndogo ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Nyumba nyingi za ghorofa moja zina nguzo za milimita 230 kwa 230, ili zilingane na ukuta. Fundi umeme akichimba milimita 50 upana wote wa upande mmoja ili azamishe kisanduku cha breka, ameondoa zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguzo, tena upande mmoja, kwa hiyo mzigo uliokuwa ukipita katikati sasa unapita pembeni. Nondo zimebaki uchi. Kisha anaziba kwa plasta na kupaka rangi, na hakuna jicho litakaloona.

Uzito nao husahaulika. Zege lenye nondo lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita ya ujazo. Tundu la inchi nne kwenye slabu ya milimita 150 linatoa kipande cha kilo tatu kasoro, kinabebeka kwa mkono mmoja, ingawa kikimwangukia mtu aliye chini kinaua. Nafasi ya ngazi ya mita moja kwa tatu kwenye slabu hiyohiyo ni zaidi ya tani moja. Anayeikata lazima awe ameamua kabla ya kuwasha mashine: kipande kitashikwa na nini, kitagawanywa vipande vingapi, kitateremshwa vipi, na slabu inayobaki itaegemea nini baada ya nondo zake kukatwa. Mara nyingi jibu la swali la mwisho ni boriti mpya za zege au za chuma kuzunguka nafasi ile, zinazowekwa kabla ya kukata. Anayekuja na msumeno bila miti ya kuegemeza amekuja kubahatisha.

Nihamie kwenye bolti. Mwaka 1911 hivi, mkandarasi wa London aliyeitwa John Joseph Rawlings alitakiwa kufunga vifaa vya umeme kwenye kuta za British Museum bila kuziharibu. Akabuni kizibo kidogo cha nyuzi kinachotanuka ndani ya tundu skrubu inapoingia. Mjerumani Artur Fischer akaja na cha nailoni mwaka 1958. Vitu hivyo viwili vidogo ndivyo vinavyoshikilia pazia, kabati na televisheni katika nyumba nyingi duniani. Vya chuma, vile ambavyo mafundi wetu huviita rolbolti, vinafanya kazi kwa kanuni ileile: vinatanuka na kubana ukuta wa tundu. Kundi jingine halitanuki kabisa. Nondo au fito yenye nyuzi hupachikwa kwa gundi ya epoksi.

Bolti inayovutwa ikishindwa, mara nyingi chuma kinabaki kizima. Zege ndilo linalong'oka, kwa umbo la pia lenye ncha chini kwenye mwisho wa bolti na mdomo mpana juu. Mdomo huo unafikia upana wa mara tatu ya kina cha bolti. Mambo matatu yanafuata kutoka hapo. Bolti iliyo karibu na ukingo ina nusu tu ya umbo hilo, kwa hiyo ina nguvu ndogo sana kuliko inavyoonekana. Bolti mbili zilizobanana zinagombania zege moja. Na kina kinalipa kuliko unene: bolti ikizama mara mbili zaidi, nguvu ya zege kuishikilia inaongezeka karibu mara 2.8. Pamoja na hayo, ukimpa fundi hela ya ziada atanunua bolti nene zaidi, si ndefu zaidi.

Gundi ina matatizo yake. Inashika kwa kuingia kwenye vinyweleo vya ukuta wa tundu, na tundu lililotobolewa kwa drili ya kugonga limejaa vumbi laini kama unga wa sembe. Utaratibu ni kupuliza, kusugua kwa brashi ya waya, kupuliza tena, kila hatua zaidi ya mara moja. Kupuliza kwa mdomo hakutoshi. Pumzi ina unyevu na haifiki mwisho. Asiyefanya hivyo ameibandika nondo kwenye vumbi. Ubaya ni kwamba siku ya kwanza inaonekana imeshika vizuri kabisa.

Kuna nchi mbili tajiri zilizojifunza haya kwa gharama kubwa. Boston, Marekani, tarehe 10 Julai 2006: vipande vya dari ya zege, tani 26 hivi, viling'oka ndani ya handaki la barabara na kumuua abiria mmoja ndani ya gari. Uchunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ulikuta bolti za gundi zilichaguliwa za aina inayokauka haraka, ambayo haivumilii mzigo unaovuta muda wote. Zilikuwa zikiteleza polepole, milimita kwa milimita. Tena dalili za kuteleza zilikuwa zimeonekana mwaka 1999 wakati wa ujenzi wa mradi huohuo. Japani, tarehe 2 Desemba 2012: dari ya handaki la Sasago, lililofunguliwa mwaka 1977, ilianguka kwa urefu wa zaidi ya mita 100 na kuua watu tisa. Bolti za gundi tena, na ukaguzi wa kuzigonga kwa nyundo haukuwa umefanyika kwa miaka mingi. Wahandisi walikuwepo, fedha zilikuwepo, michoro ilikuwepo. Baada ya Boston, kanuni za zege za Marekani zilibadilishwa, na anayefunga bolti za gundi zinazobeba mzigo wa kuvuta wakati wote kwa kuelekea juu au kwa mlalo akatakiwa awe na cheti. Cheti hicho anacho fundi mwenyewe. Cha kampuni yake hakitoshi.

Kwetu kuna la ziada. Kagera ilitikiswa tarehe 10 Septemba 2016 na tetemeko la ukubwa wa 5.9 lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vijijini. Mwanza haiko mbali. Rolbolti ya kawaida hushika vizuri kwenye zege zima. Ufa ukipita kwenye tundu lake, nafasi inaongezeka na mbano unapungua. Zipo zilizopimwa kwa zege lenye nyufa, na huandikwa hivyo kwenye pakiti. Lakini kwenye kaunta zetu za vifaa vya ujenzi bolti huuzwa kwa kipimo cha unene na urefu, kutoka ndoo isiyo na pakiti.

Upande ambao Ilemela ingeweza kuwafundisha wengine ni wa kufunga kwenye mwamba. Miteremko ya Kirumba, Kitangiri na Nyamanoro imejengwa kwa namna ambayo mhandisi wa mji tambarare hawezi kuielewa hadi aione: msingi unaanza upande mmoja chini ya usawa wa macho na upande wa pili umekaa juu ya jiwe lenyewe. Mafundi hutoboa jiwe, huchomeka nondo na kuzimwagia uji wa simenti ili msingi usiteleze. Kazi njema kabisa, ikiwa jiwe lile ni mwamba. Hapo ndipo penye mtego. Majabali ya Mwanza yaliumbwa kwa graniti kuoza ardhini kufuata mistari ya nyufa, kisha udongo ukasombwa na mvua za maelfu ya karne, yakabaki mawe ya duara yaliyokaa juu ya mengine. Jiwe la ukubwa wa basi linaweza kuwa halijashikana na chochote. Kulifunga jengo kwenye jiwe la namna hiyo ni kulifunga kwenye mzigo mwingine. Kutambua kunahitaji kutoboa kwa kina, kutazama kinachotoka, na kuzunguka jiwe zima kutafuta mstari wa udongo chini yake. Na jiwe lililopunguzwa kwa moto, njia yetu ya zamani ya kuchoma magogo au matairi juu yake ili lipasuke, lina ganda la juu lililojaa nyufa. Nondo inayoishia kwenye ganda hilo haijashika kitu. Kupasua kwa baruti kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na kati ya nyumba zilizobanana haiwezekani. Unga wa chokaa unaovimba, unaomiminwa kwenye matundu na kulipasua jiwe kimyakimya usiku kucha, ungefaa sana miteremko hii, na unategemea ufundi uleule wa kutoboa matundu kwa mpangilio.

Ufundi wa kuzamisha msingi ndani ya mwamba umeonekana karibu nasi kwa kiwango kikubwa mno. Daraja la John Pombe Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 19 Juni 2025, lilijengwa na makandarasi wa Kichina kwa zaidi ya miaka mitano kuvuka Ghuba ya Mwanza. Vijana wa kanda hii walifanya kazi pale. Wapo walioshika mitambo ya kuchimbia, wapo waliojifunza kukaza kebo za chuma ndani ya zege. Mradi ukiisha vijana hao hutawanyika, na wengi hurudi mtaani kufyatua matofali. Chuo cha VETA kiko Nyakato, ndani ya manispaa. Kozi ya kukata na kutoboa zege, inayofundisha kupima nondo kwanza na kuwasha mashine baadaye, ingepata walimu bila kuagiza mtu nje.

Sheria zetu zinatazama wapi? Zinatazama jengo linapopanda. Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria mbili zilizounda upya Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Bango la saiti lenye majina ya mkandarasi na mhandisi ni matunda ya mfumo huo. Bodi ya makandarasi ina madaraja saba kwa makandarasi wa majengo na matatu kwa wa kazi maalumu, kwa hiyo mlango wa kumsajili mkataji zege upo. Jengo likikamilika bango linang'olewa. Kuanzia hapo mhandisi hana habari, mkandarasi yuko saiti nyingine, na ofisa wa halmashauri hana sababu ya kuingia ndani ya duka la mtu. Fundi bomba anaingia na begi lake bila kuulizwa.

Jengo la Kariakoo, Dar es Salaam, lililoanguka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20 lilikuwa limesimama miaka mingi. Taarifa za wakati ule zilieleza kuwa kulikuwa na kazi ya kuchimba sehemu ya chini. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda tume ya watu 19 kukagua majengo ya eneo lile. Katika siku zile nchi nzima ilijifunza pia kwamba kukata zege ni kazi ya uokoaji: watu walikuwa hai chini ya slabu, sauti zao zinasikika, na kila mtikisiko ungeweza kuwamaliza. Msumeno wa waya wa almasi hukata slabu nene bila kugonga. Mji wenye wakataji kumi wazoefu una akiba ya waokoaji kumi, hata kama siku nyingine wanatoboa njia za viyoyozi.

Vumbi nitaligusa kwa maneno machache, ingawa nalo linaua. Graniti ikisagwa kavu hutoa silika laini isiyoonekana. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mwaka 1997 katika kundi la vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na mapafu yaliyokwisha kovu kwa silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Grenda kavu ndani ya chumba kilichofungwa ni sumu, na kitambaa puani hakizuii chochote. Maji yanazuia. Hapo sioni mjadala.

Imebaki hesabu ya fedha, nayo ndiyo inayoamua. Mwenye jengo analinganisha bei mbili: kijana wa tindo anayetaka posho ya siku, na mwenye mashine anayetaka mara kadhaa ya hiyo. Ulinganisho huo hauna haki, kwa sababu bei ya kwanza haijahesabu nyufa, nondo iliyokatwa wala mpangaji wa chini aliyehamishwa. Lakini bei ya pili nayo, kama ilivyo leo, mara nyingi inauza kasi na usafi tu. Mwenye mashine anatoboa pale alipoonyeshwa kwa chaki na mtu asiyejua, anapokea hela, anaondoka. Kwa mwenye jengo tofauti kati yao ni wingi wa vumbi sakafuni.

Kinachoweza kuwatofautisha ni karatasi. Kabla ya kutoboa: picha ya nondo zilivyokaa, na sahihi ya mhandisi kwa tundu lolote linalogusa boriti, nguzo au balkoni. Baada ya kufunga: bolti chache kati ya zilizofungwa zivutwe kwa jeki yenye kipimo mbele ya mwenye jengo, namba ziandikwe. Halafu nakala ipelekwe Buswelu, ikaingie kwenye faili lilelile la kibali, ili atakayekuja kutoboa miaka kumi ijayo ajue wenzake walipita wapi. Halmashauri inaweza kuanza na majengo yanayopokea umma, hoteli, shule, maduka makubwa, ambako tayari wakaguzi wa Zimamoto na wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, huingia. Kampuni ya kwanza itakayokubali kufanya kazi namna hiyo Ilemela itatoza zaidi, na kwa miaka kadhaa itapoteza zabuni kwa watu wenye chaki.